Tawi Mlezi

Kama unataka Bi Mkasi akurudishie gauni lako bila kulishona, ingia kwake, chungulia uani, uone ule mti mdogo juu ya rafu, halafu useme, "Lo, ua lako zuri!" Ua! Hapo utakuwa umejichongea mwenyewe. Atakuweka chini akueleze kwamba ule ni mkuyu, mkuyu kamili, ndugu yao hiyo mikuyu inayopasua kuta za watu, ila huu umelelewa ndani ya kibakuli cha udongo chenye kina cha vidole vinne, ukakatwa mizizi, ukavishwa waya, ukakatwa tena, mpaka ukazeeka bila kuvuka goti la mtu. Wenyewe wanaita bonsai. Bi Mkasi alikuwa akiuita Mkubwa, na ukicheka, shauri yako.

Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, ulimi mkali, mikono haitulii. Hakujaliwa kuzaa, lakini mtoto wa kulea alimpata. Kaka yake alipofiwa na mke alimletea binti yake mdogo, "akae kwako kidogo, dada, mpaka nijipange." Kujipanga kwenyewe ndiko huko kuoa mji mwingine na kuwa mtu wa salamu za simu. Mtoto alifika amevikwa koti la mtu mzima lililomburuta mpaka kwenye vifundo vya miguu, akaingia mlangoni anaongea, na tangu siku ile hakunyamaza. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Chiriku.

Siku hiyohiyo aliyofika mtoto, Bi Mkasi alikuta mche wa mkuyu umeota kwenye ufa chini ya mfereji wa paa. Alikuwa na mteja mmoja, mzee aliyefuga bonsai, naye aliwahi kumwambia kwamba mche ukipitishwa kwenye kitundu cha kitu kigumu, shina litavimba juu yake na mizizi itatanda pande zote, na ukikua utakuwa na tako pana kama mti wa miaka mia. Sasa fundi cherehani atatoa wapi kitu kigumu chenye kitundu? Alichukua kifungo kikubwa cha koti, akaupenyeza mche kwenye tundu moja, akaupanda. Miaka ikapita. Shina likavimba, likakimeza kifungo, ukabaki ukingo wake tu chini ya kuvu la kijani, na hakuna aliyejua kipo ila mwenyewe.

Basi mti na mtoto wakakua pamoja. Chiriku alifundishwa kushika mkasi wa matawi kabla hajajua kushika sindano. Alifundishwa kuzungusha waya wa shaba bila kuubana sana, maana waya ukisahaulika unazama kwenye gome na alama haitoki. Alifundishwa kwamba Mkubwa hamwagiwi maji kwa kopo kama mchicha. Anaogeshwa: kibakuli kinazamishwa kwenye beseni, mapovu yanapanda, na mapovu yakiisha ndipo anatolewa. Na alifundishwa kwamba kila mti una uso na una kisogo. Uso ndio unaotazama watu. Bi Mkasi aliutafuta uso wa Mkubwa muda mrefu, akiuzungusha, akikaa chini, akiutazama kwa kuinamisha kichwa, mpaka akaupata, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuubadili.

Upande wa kisogo, chini kabisa, palikuwa na tawi moja la aibu. Refu, nene, limejiendea linavyotaka, majani mapana, halikuwahi kukatwa hata ncha. Wateja walilicheka. Bi Mkasi aliliita tawi mlezi.

"Kwa nini hulikati?" Chiriku aliuliza alipokuwa bado mdogo.

"Linakula jua kwa ajili ya shina. Linalilisha, linalinenepesha. Siku shina likishiba, tutalikata."

"Halitaumia?"

"Litaumia. Ndiyo maana tutalikata kwa adabu, mimi na wewe, mkono wako na wangu kwenye msumeno mmoja."

Mtoto alifurahi kwa ahadi hiyo kuliko kwa viatu vipya. Kila mwaka aliuliza, "Shangazi, limeshiba?" na kila mwaka akaambiwa bado.

Mwaka huu jibu lilikuwa limeshiba. Chiriku sasa ni msichana mkubwa, ana kazi kwenye kitalu cha miche, na ni mwanachama wa chama cha wafuga bonsai. Bi Mkasi mwenyewe hakujiunga. Alisema hana subira ya vikao vya watu kupongezana. Lakini maonyesho ya chama ya mwaka huu yalikuwa na kitu: kijana atakayeleta mti bora aliouotesha na kuulea mwenyewe angepelekwa mwaka mzima kujifunza kwa fundi mkuu wa bonsai, nje ya nchi. Bi Mkasi alijua Chiriku anaitamani nafasi ile. Alimsikia akiitaja akiwa anaosha vyombo, akiitaja akiwa anachana nywele, akiitaja kwenye simu.

Na alikuwa ameshaamua, ila hakumwambia mtu, hata mto wake. Siku ile watakapolikata tawi mlezi, angemkabidhi Chiriku mti. Wako, chukua, nenda nao. Angekwenda mwenyewe kwa wakubwa wa chama akawaambie kwamba mti na binti walianza siku moja, na mikono iliyoulea ni minne. Wakikataa, wakatae. Alitaka iwe habari ya ghafla, amwone yule mtoto anakosa la kusema japo mara moja maishani.

Kumbe mwili nao una mipango yake. Macho yalikuwa yakimfifia kwa muda, akawa anatunga uzi kwenye hewa badala ya kwenye tundu la sindano. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, akampasua la kulia kwanza. Likapata uvimbe, likafunikwa kwa bandeji, akapewa masharti ya mwali: asiiname, asinyanyue kitu, asitoke nje kwenye vumbi, asilie. Hilo la kutolia alilicheka. "Nilie nini mimi?"

"Mkubwa nakuachia wewe," alimwambia Chiriku.

"Shangazi! Kwani mimi mgeni?"

Siku za mwanzo aliletewa habari kitandani: ameogeshwa, ametoa chipukizi. Halafu jioni moja Chiriku akaingia, akakaa mbali kidogo, akasema, "Shangazi, maonyesho yameahirishwa. Ukumbi unapakwa rangi."

"Heri. Nitakuwa nimepona. Na Mkubwa?"

"Hajambo. Nimemhamishia upande wa pili, jua la huku limezidi."

Bi Mkasi alisema vizuri. Ni mtoto aliyemlea, angetilia shaka nini? Jambo moja tu lilimgusa, kwamba Chiriku siku hiyo alisema maneno machache, akaaga akalale. Akadhani amechoka na kazi.

Siku mbili tatu baadaye akaja mwalimu wa chekechea kuchukua sketi yake. Mwanamke mwema yule, hana mbaya na mtu, ila kinywa chake hakina komeo.

"Hongera jamani!" akasema hata kabla ya kukaa. "Nimetoka ukumbi wa maktaba sasa hivi. Watu! Na Chiriku wenu anavyoeleza, utadhani alizaliwa na kipaza sauti."

"Anaeleza nini?"

"Si mti wake? Ule mkuyu. Kila mtu anasema ndio utakaochukua nafasi." Mwalimu akamtazama, akaanza kupunguza sauti. "Hukuambiwa?"

Bi Mkasi alinyanyuka, masharti yakabaki kitandani. Akapapasa mpaka uani. Upande wa huku hapakuwa na mti. Upande wa pili hapakuwa na mti. Kwenye rafu palikuwa na alama nne za miguu ya kibakuli, na pembeni unga mbichi wa mbao. Akaugusa, akaunusa. Ulikuwa na ule utomvu wa mkuyu unaonata vidoleni.

"Amelikata," akasema.

"Amekata nini?" akauliza mwalimu.

"Nishike mkono, twende."

Ukumbi wa maktaba haukuwa na harufu yoyote ya rangi. Meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeusi, na kila mti una kikadi chake. Jicho la kulia la Bi Mkasi limefunikwa, la kushoto zamu yake bado, linaona kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Alipita mbele ya mti mmoja, akaupita. Mwanamke aliyelala na kuamka na ule mti miaka yote ile, jamani, aliupita! Kwa sababu haukumwonyesha uso. Ulikuwa umegeuzwa, kisogo ndicho kinachotazama watu, na pale lilipokuwa tawi mlezi pana kidonda kipana, cheupe, kipya.

Sauti ndiyo iliyomsimamisha. Chiriku alikuwa amezungukwa na watu, anaeleza, na kila neno lilikuwa la Bi Mkasi, neno kwa neno, mpaka pale pa kupumulia.

"Na hiki kidonda?" mtu mmoja akauliza.

"Hapo palikuwa na tawi tunaloliita tawi mlezi," Chiriku akajibu. "Linaachwa likue ovyo ili lilishe shina. Shina likinenepa, halina kazi tena, unaliondoa."

"Masikini. Haliumii?"

"Aa, wapi! Haliumii. Limeshamaliza kazi yake."

Watu wakacheka kidogo, cheko la adabu. Bi Mkasi alihisi kitu kikikatika ndani yake, na sitaki kukupambia: alihisi amesalitiwa, tena kweupe, tena kwa maneno yake mwenyewe. Akajipenyeza hadi mezani. Akanyoosha kidole, akakipitisha chini ya shina, chini ya kuvu, taratibu, kama anayetafuta pindo kwenye kitambaa. Kikagonga ukingo mgumu wa mviringo. Kifungo kilikuwepo.

"Mama! Mama, hairuhusiwi kugusa!" Huyo alikuwa mwenyekiti wa chama, daktari wa meno, mtu mpole ambaye hata akikukemea unahisi anakuomba ufungue kinywa. "Samahani, mama. Unamtafuta mtu?"

Hapo Chiriku akageuka, akamwona. Akafungua mdomo, na mwenye jina lile alilopewa kwa kuongea akakosa neno. Mwalimu wa chekechea akatazama dari.

"Mnafahamiana?" mwenyekiti akamuuliza Chiriku.

Hebu fikiria nafasi ile aliyopewa. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lilitosha, shangazi, hata asingeongeza kitu, na Bi Mkasi angelipokea, angemeza mengine yote, angesimama pembeni yake akatabasamu na bandeji yake. Alikuwa analisubiri. Alikuwa hata ameanza kuinua mkono ili akisikia jina lake amshike bega.

"Ndiyo," Chiriku akasema. "Huyu mama... huwa ananisaidia kumwagilia."

Huyu mama.

"Ahaa!" mwenyekiti akafurahi. "Basi na wewe una sehemu yako, mama. Maji ni kitu kikubwa."

Bi Mkasi angeweza kumwaga mtama pale pale. Angesema chimbueni hapo chini, mtakuta kifungo, kisha mumuulize kimefikaje. Ulimi wake uliokuwa ukiwanyoosha wateja wenye vyeo ulikuwa tayari. Lakini alimtazama yule mtoto, akaona kwa jicho lake bovu jinsi mikono yake inavyokamata kitambaa cha meza, na akashindwa. Si huruma, tusidanganyane. Aibu ilimshika, kama vile yeye ndiye aliyekamatwa na kitu cha mtu.

"Naam," akasema. "Mimi ni wa kumwagilia tu."

Akatoka. Njiani mwalimu alijaribu kusema hili na lile, akaambiwa sketi yake iko tayari, aipitie siku yoyote. Nyumbani Bi Mkasi alijifungia chumbani, akavunja sharti la mwisho la daktari. Alilia kwa jicho moja, na lile lililofunikwa likalowesha bandeji.

Chiriku hakurudi usiku ule. Alirudi kesho yake mchana, mkono mmoja umekumbatia kibakuli, mwingine umeshika kikombe cha ushindi chenye utepe. Alimkuta shangazi yake uani, amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake limejaa maji. Chiriku akauweka mti kwenye rafu, akauzungusha mpaka miguu ya kibakuli ikakaa kwenye alama zake nne na ule uso wa zamani ukatazama mbele, kama vile hakuna lililotokea. Kikombe hakujua akiweke wapi, akabaki nacho.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimeurudisha."

Chiriku akaanza kuporomosha maneno. Kwamba kanuni zao zinataka mti ulioulea mwenyewe tangu mche. Kwamba angesema ni wa shangazi yake wangemwengua palepale. Kwamba tawi lilimlazimu alikate, mti usingeingia ukumbini na lile gogo. Kwamba aligeuza uso wa mti kwa hofu, asije akatokea mteja akautambua. Kwamba pale mbele ya mwenyekiti aliogopa, akasikia mdomo wake unasema, yeye mwenyewe hajui ilikuwaje.

"Ungeniomba," Bi Mkasi akasema.

"Ungekataa! Shangazi, mti huu hujawahi kumwachia mtu augeuze hata upana wa kidole. Ningeanzaje?"

Hapo kulikuwa na ukweli, na Bi Mkasi aliusikia, ukamchoma. Akanyanyuka, akaenda kwenye rafu, akauzungusha mti tena. Kidonda kikaja mbele.

"Umeacha kisiki," akasema. "Nilikufundisha ukate uingie ndani kidogo, gome lipate pa kufungia. Hivi ulivyokata hakitafunga. Na hukupaka dawa."

"Nilikuwa na haraka."

"Nimeona."

Akaingiza ukucha chini ya kuvu, akalifunua kama anayefumua mshono, akamshika Chiriku mkono na kumwekea kidole pale. Chiriku akapapasa. Ukingo mgumu, wa mviringo.

"Nini hiki?"

"Kifungo. Cha lile koti ulilokuja nalo. Kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, nikakikata ili nikushonee vizuri. Halafu nikauona mche." Akalirudisha kuvu mahali pake. "Huu mti ulikuwa wako tangu siku uliyoingia mlango ule. Nilikuwa nangoja tukate tawi, nikukabidhi. Ningekwenda mwenyewe kwa huyo daktari wako wa meno, nimwambie. Umeiba kitu chako mwenyewe, Chiriku. Na kukiiba umenikana mimi."

Kikombe kikaanguka, kikabingirika mpaka ukutani. Chiriku alipiga magoti, akalia kwa sauti, akamshika shangazi yake miguu, akasema atakwenda kwa mwenyekiti leo hii, atasema kila kitu, nafasi waichukue, haitaki.

"Ukienda, nenda. Usipokwenda, usiende. Hayo sasa ni yako na wao."

"Na wewe je? Shangazi, nitukane basi. Nipige. Sema neno!"

Bi Mkasi alikuwa ameshakamata kibakuli kwa mikono miwili. Daktari alisema asinyanyue kitu, lakini alikinyanyua, akasimama akisubiri yule mtoto atoke kati yake na beseni.

"Neno gani tena? Kazi yangu si umeshaitaja mbele za watu?" akasema. "Nipishe, nimwagilie."

Chiriku akasogea. Bi Mkasi akauzamisha mti majini, akaanza kungoja mapovu yaishe.